Mtu Niliyempiga kwa Ajili ya Betri

Nilimvunja mtu mkono katika soko kuu la Kisangani, mchana, mbele ya watu wengi, na kwa siku mbili nzima niliamini kwamba nimetenda haki. Habari hii inasimuliwa mjini kwa namna tatu nne, na zote zinanipa heshima nisiyostahili. Ndiyo maana naiandika mwenyewe.

Mimi ni mpiga picha. Mimi na mke wangu tuna karavani, yaani nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu mawili, ya kuvutwa na gari. Watu wa kampuni fulani ya barabara walikuwa wakilala humo porini. Walipoondoka waliiacha, nasi tukaipata majani yameota hadi dirishani. Tuliitengeneza. Ndani tuliweka kitanda, meza, mashine ya kuchapa picha, na kitambaa cha bluu cha kusimama mbele yake. Siku za soko tunaifunga nyuma ya pickup yetu na kwenda vijiji vya barabara ya Ituri na barabara ya Buta. Kule umeme hakuna. Watu wanataka picha ya harusi, ya mtoto aliyezaliwa, ya mzee kabla hajafa, na wanataka waishike mkononi siku ile ile. Kwa hiyo maisha yetu yote yalitegemea betri moja iliyokaa chini ya kitanda, ikilishwa na paneli ya jua juu ya paa.

Betri ya kwanza ilituvumilia miaka mingi, kisha ikaanza kuchoka. Taa zilififia mapema. Siku moja, tukiwa kijijini, picha ya bibi mmoja ilitoka kwenye mashine hadi puani, ikakatika. Bibi aliichukua hivyo hivyo, akaitazama, akauliza mdomo wake tumeupeleka wapi. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niliinua kitanda, nikaivuta ile betri nje. Ilikuwa imevimba pembeni kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Niliipiga teke mbele ya wateja mpaka kidole changu cha mguu kikatoka damu.

Niseme kitu kuhusu hasira yangu, maana bila hiyo hakuna habari ya kusimulia. Nimezaliwa Kapalata, kwenye kambi ya jeshi. Papa alikuwa askari. Alitupiga kwa mkanda wa kijeshi, upande wa chuma, na alipomaliza alitupanga mstarini tuseme asante. Niliondoka pale nikiwa nimeapa kwamba sitampiga mke wala mtoto, na nimeshika kiapo hicho kwa namna ya wakili mjanja: mke wangu sijamgusa, lakini nimewahi kupiga mlango ngumi kando ya kichwa chake hadi ubao ukapasuka. Nimewahi kuvunja sahani alizoletewa na mama yake. Yeye ni mtu wa maneno machache. Zamani nilifikiri ndivyo alivyozaliwa.

Tukaenda basi kutafuta betri mpya. Katika soko kuu alikuwepo muuzaji mmoja, mtu wa Maniema, wa umri wangu, mwenye kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono. Aliuza betri, nyaya na paneli kwenye kibanda cha mbao pamoja na mke wake. Hakuharakisha kuuza. Alifuta mikono, akauliza:

"Patron, betri unatafuta iko ya kazi gani? Ya kuwasha gari, ao ya kukaa ndani ya nyumba?"

"Ya karavani. Tunalala ndani, tunafanya kazi ndani."

"Bon." Akaziweka tatu mbele yetu. "Hii ya kwanza iko ya gari. Inatoa nguvu yote mara moja, kisha inapumuzika. Ukiifanyisha kazi ya taa kila siku, inakufa mbio. Hii ya pili iko ya sola, ya maji. Inatoa nguvu polepole, inadumu, lakini lazima kuichunga. Hii ya tatu imefungwa kabisa, maji yake iko mazito kama uji."

Mke wangu aliinama, akauliza tofauti ya ile ya pili na ile ya tatu. Mimi niliinua moja baada ya nyingine. Ya pili ilikuwa nzito kuliko zote, na kwangu uzito ulikuwa ndiyo dalili ya nguvu. Wakati muuzaji anamjibu mke wangu, simu yangu ililia. Alikuwa fundi aliyetuahidi tairi na sasa anatoa sababu. Nilimfokea fundi, nikaikumbatia betri kifuani, nikaanza kwenda kwenye gari. Nyuma yangu nilisikia sauti ya muuzaji ikiendelea, na mke wangu akisema, "Papa, ngoja amalize." Sikungoja.

Nyumbani niliitengenezea betri sanduku la mbao ngumu. Vumbi jekundu la barabara ya Ituri linaingia kila mahali, kwa hiyo nililipigilia misumari pande zote, nikaziba nyufa kwa plastiki na utepe. Nililipenda lile sanduku. Niliona nimefanya kazi ya fundi wa kweli.

Majuma machache yalipita vizuri. Kisha tukawa sokoni kwenye kijiji kimoja, saa sita mchana, jua linawaka, watu wamejipanga mlangoni. Mashine ikazima. Nilikuwa nje nikipanga familia moja mbele ya ukuta. Nikamwambia mke wangu kupitia dirishani, "Angalia ile waya, itakuwa imelegea." Nilimsikia akisukuma kitanda. Nilimsikia akibandua kifuniko cha sanduku kwa bisibisi.

Mlio ule ulikuwa mfupi. Nilidhani ni bunduki, na kwa jinsi nilivyokulia, nililala chini kabla sijafikiri. Watoto wa ile familia walilala juu yangu. Kisha nikasikia mke wangu. Sikuwa nimewahi kumsikia akitoa sauti ya namna ile.

Alitoka mlangoni akitambaa, mikono usoni. Blauzi yake ilikuwa inatoboka mbele ya macho yangu, tundu baada ya tundu, kana kwamba nondo wasioonekana wanaila. Maji ya betri. Kando yetu mama mmoja alikuwa na ndoo ambamo samaki wake hai walikuwa wakiogelea. Niliwamwaga samaki chini, nikamshika mke wangu kichwa, nikamwagia yale maji usoni. Alinipiga, akanikwaruza, akaniuma kiganja. Nililazimika kumlalia na kumfungua macho kwa vidole vyangu huku watu wakileta ndoo nyingine, na nyingine. Samaki waliruka-ruka vumbini miguuni mwetu. Mama mwenye samaki ndiye aliyemshika miguu.

Daktari mjini alisema yale maji ndiyo yaliyookoa jicho la kushoto. La kulia halikuokoka. Ngozi ya shavu upande huo ilikuwa imeiva.

Nilikaa kando ya kitanda chake usiku na mchana, na asubuhi ya tatu nikasimama, nikamwambia dada yake amwangalie, nikaenda kwenye gari. Nilichukua chuma cha kufungulia magurudumu. Sikukimbia. Nilitembea hadi soko kuu nikiwa mtulivu, hata nikawasalimu watu wawili njiani. Mtu akiniuliza leo kama nilipoteza akili, namjibu hapana. Nilijua kila hatua.

Muuzaji alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akila mkate. Aliponiona alitabasamu, akasema, "Patron! Ile betri inaendelea?"

Nilimpiga. Pigo la kwanza lilikuwa la kichwa, lakini aliinua mkono, na chuma kikaangukia kati ya kiwiko na kifundo. Nilisikia mfupa. Alitazama mkono wake, ukiwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na bado alikuwa na mkate mdomoni. Nilimpiga tena, begani, mgongoni, akaanguka kati ya betri zake. Nilitupa chuma nikaendelea kwa ngumi, usoni, na nilikuwa napaza sauti: "Mwizi! Uliniuzia betri ya bandia! Umemuharibu bibi yangu! Mwizi!"

Sokoni neno hilo halihitaji kusemwa mara mbili. Walikuja kutoka upande wa samaki, upande wa mitumba, upande wa mafuta ya mawese. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kijana mmoja wa kusukuma mkokoteni alimkanyaga mgongoni kwa miguu miwili. Mwingine alimpiga kwa ubao wa kibanda chake mwenyewe. Mtu nyuma yangu alisema, "Hawa wageni wa Maniema, wote wako hivi hivi," na mwanamke mmoja, ambaye uso wake nauona hata sasa, mama mtu mzima mwenye miwani, alivua kiatu na kumpiga nacho kichwani, akasimama, akakivaa tena, akaenda zake na kapu lake la mboga. Kofia nyeupe ilikuwa imekanyagwa mpaka ikawa rangi ya udongo.

Kisha nikaona tairi. Lilikuwa linaviringishwa kupitia katikati ya watu, na watu wakipisha. Nyuma yake alikuja mtu mwenye chupa ya petroli.

Ninataka kusema kwamba pale nilijaribu kuwazuia. Katika simulizi zinazozunguka mjini, mimi nilijaribu. Ukweli ni kwamba nilisimama nikihema, ngumi zangu zimechubuka, na nilipoliona tairi niliwaza: basi. Nilifikiri neno hilo moja tu, kama mtu anayemaliza kazi.

Aliyewazuia ni mke wa muuzaji. Alikuwa ameenda kuchota maji. Alirudi, akaona, na hakupiga kelele. Aliingia kibandani kwa nyuma, akatoka na galoni la maji ya betri, yale makali wanayouza kwa kujazia betri mpya, kifuniko kimefunguliwa. Alipita juu ya mume wake, akasimama akiwa amemweka katikati ya miguu yake, akamwaga kidogo kwenye saruji mbele ya watu. Saruji ikachemka, ikatoa povu jeupe na moshi wa kuchoma koo.

"Mutu akisogea," alisema, "namumwagia ku macho. Wa kwanza tu. Nani wa kwanza?"

Alizunguka polepole akiwa amelinyanyua lile galoni. Kila alipogeuka matone yalimwangukia mguuni, nikaona ngozi yake ikigeuka, lakini hakuinama kuitazama. Alipofika kwangu alisimama. Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Nililiona povu lile chini, nikaona shavu la mke wangu, nikakaa chini hapo hapo.

"We ndiye umeanza," aliniambia. "Simama basi."

Sikusimama. Mwenye tairi aliliacha lianguke. Polisi walifika wakati huo, wakapiga waliokuwa wanapiga na waliokuwa wanatazama, na mimi wakanivuta kwa mshipi hadi kwenye gari lao, wakinisindikiza kwa mateke ambayo, kusema kweli, niliyapokea kwa aina ya fahari. Nilijiona mtu aliyelipa kisasi cha mke wake.

Siku ya pili mke wangu alikuja kwenye mahabusu. Dada yake alimshika mkono mpaka kwenye nondo, kisha akasogea mbali nasi. Nusu ya kichwa chake ilikuwa bendeji. Alikuwa ameniletea chikwange, ule mkate wa muhogo, na samaki. Nilimwambia nilichofanya. Nilimwambia kila pigo, kwa mpangilio. Nilidhani namletea zawadi.

Alipenyeza chakula kati ya nondo. Halafu akasema:

"Alikuambia."

"Nani?"

"Yule mutu. Alikuambia ile betri inapumua. Alisema inatoa hewa ya kulipuka ikikutana na cheche, usiifungie ndani ya sanduku. Alisema utoboe matundu, uweke mupira wa kupeleka hewa inje. Mi nilikuwa pale. We ulikuwa na simu."

"Kwa nini haukunikumbusha?"

"Nilikukumbusha. Siku ile ulikuwa unapigilia misumari. Ulisema mwanamuke hajue mambo ya umeme. Ukatupa nyundo." Alishusha pumzi. "Nikanyamaza. Unajua kwa nini mi nanyamazaka."

Nitasema pia kilichofuata, hata kama nakionea haya kuliko chuma na tairi. Nilikasirika naye. Niliingiza mkono kati ya nondo kwa nguvu, ngumi imefungwa, na kama zisingekuwepo zile nondo, kiapo changu cha miaka yote kingeishia pale, juu ya mwanamke mwenye jicho moja. Aliona. Hakurudi nyuma. Aliendelea kunitazama kwa lile jicho lililobaki, akingoja ngumi ifunguke au isifunguke, mpaka mlinzi akaupiga mkono wangu kwa rungu nikaurudisha ndani.

"Kula," alisema. "Samaki itapoa."

Akaenda.

Nilikuwa na siku nyingi za kufikiri mle ndani. Familia yangu na ya muuzaji zilikaa, zikapatana juu ya matibabu yake, nami nikatolewa. Asubuhi ya kutoka, sikwenda nyumbani kwanza. Nilikwenda Kabondo, nyumbani kwa muuzaji. Mke wake alikuwa uani anafua. Mguu wake ulikuwa na kidonda chekundu pale matone yalipoanguka. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na kwa ndani niliona miguu ya mtu amelala kwenye mkeka.

"Sema ukiwa hapo hapo inje," alisema. "Usikanyage baraza yangu."

Nilisema, kwa sauti ndogo, kwamba nilikosa. Kwamba mume wake alinionya na sikusikiliza. Kwamba betri ilikuwa nzuri.

"Sikusikii. Kule soko ulikuwa na sauti."

Nikasema tena.

"Bado."

Nilipaza sauti. Nilisimama katika ua wa watu wa Kabondo nikapiga kelele kwamba mimi ndiye niliyemuharibu mke wangu, si mtu mwingine. Majirani walitoka. Mmoja alitema mate. Ndani ya nyumba ile miguu haikusogea.

"Bon," alisema mwanamke, akikamua shuka. "Kesho utaenda kuisema pale ulimwitia mwizi. Saa ile ile."

Nilikwenda. Nilipanda juu ya kreti ya bia mbele ya kibanda kilichofungwa, nikasema maneno yale yale. Nilidhani watu watakusanyika kama siku ile. Walikusanyika wachache. Yule kijana wa mkokoteni alikuwepo. Alisikiliza, akajikuna shingo, akasema, "Ah, ile imeisha, mzee," akasukuma mkokoteni wake. Mwenye tairi sikumwona. Nilipokuwa bado nasema, muuzaji wa simu wa kibanda cha jirani, rafiki ya yule mtu wa Maniema, alinivuta mguu nikaanguka kutoka kwenye kreti. Alinipiga mdomoni mara mbili na kunikalia kifuani. Meno mawili yalilegea. Mikono yangu ilikuwa huru, na mimi ni mkubwa kuliko yeye. Niliishika ardhi. Nilihesabu kwa Kifaransa kama tulivyofundishwa shuleni, nikafika kumi na tisa ndipo alipochoka, akainuka, akarudi kwenye simu zake.

Mke wangu aliponiosha midomo usiku ule hakuuliza nani. Aliuliza nilirudishia au sikurudishia. Nilisema sikurudishia. Akaendelea kuosha.

Miezi ilipita bila kazi. Bendeji ilitoka. Alijifunza kumimina chai bila kuimwaga pembeni ya kikombe, kisha kukata kitunguu, kisha kutazama tena ndani ya kamera, maana jicho la kamera kwake lilikuwa la kushoto tangu zamani. Siku moja alisema, "Tununue betri."

"Nitaenda kule kwa wauzaji wa Mangobo."

"Hapana. Tutanunua pale pale."

Nilikataa. Nilisema itakuwa kuwatonesha. Alivaa kitambaa chake cha kichwa, akatoka, nikamfuata.

Kibanda kilikuwa kimefunguliwa tena, mbao zake zimepachikwa upya. Muuzaji alikuwa ameketi ndani kabisa, kwenye kivuli, mkono wa kulia umelala mapajani umekauka. Aliponiona uso wake uligeuka ukutani, na mguu wake mmoja ukaanza kutikisika. Niliona kwamba ananiogopa. Mpaka siku ile nilidhani mtu aliyepigwa anabaki na hasira. Sikuwa nimefikiri kwamba mwanamume wa umri wangu anaweza kutetemeka mguu kwa sababu nimepita mlangoni. Nilirudi nyuma hadi katikati ya njia, juani, nikabaki pale.

Mke wake ndiye aliyepokea. Alimtazama mke wangu usoni, ile ngozi iliyovutika, na mke wangu akautazama mguu wake, penye kovu. Hawakuambiana pole. Mke wangu alisema anataka betri ya karavani, nao wakaanza kazi. Mwanamke aliweka mbili juu ya meza. Alichomeka kipimio kwenye vichwa vya betri ya kwanza, wakasoma pamoja, wakachomeka kwenye ya pili. Mke wangu aliinama mpaka jicho lake lilikuwa karibu na namba. Aliuliza zimetengenezwa lini, zimekaa dukani kwa muda gani, zimewahi kuchajiwa mara ngapi. Alipapasa pembeni akitafuta uvimbe. Alinusa. Alichagua moja, akaiwekea kiganja juu.

Ndipo sauti ikatoka kivulini.

"Mama."

Wote wawili waligeuka. Muuzaji alikuwa bado ametazama ukuta.

"Mungali munalala ndani yake?"

"Tunalala, papa."

"Donc usichukue hiyo. Chukua ya kufungwa, ile iko chini, ya maji mazito. Haitoe hewa mingi." Akaongeza: "Lakini sanduku utoboe tu. Juu na chini. Na waya ukaze na funguo, si na mukono."

"Nitatoboa mwenyewe," alisema mke wangu.

Alitoboa mwenyewe. Nililishika sanduku jipya kwa miguu yangu huku yeye akizungusha keekee, na alipofika kuunganisha waya ya mwisho niliinama ili nimsaidie. "Rudi inje," alisema. Nilirudi nje. Alikuwa amefunga nguo ya mvua kifuani na miwani ya fundi wa kuchomelea usoni. Nilimsikia akipumua. Alikaa na ile funguo ya kukazia nati mkononi, bila kugusa, muda wa kutosha mtu kula chakula. Kisha taa ikawaka.

Tunasafiri tena. Tumevuka mto hadi upande wa Lubunga na kwenda mpaka Yanonge, ambako watu wa samaki wanapenda kupigwa picha wakiwa wameshika samaki mkubwa kuliko wao. Watoto wengine wanaogopa uso wa mke wangu, wengine wanamwuliza moja kwa moja, naye anawajibu: "Betri." Siku hizi anasema mengi. Ananikatiza mbele ya wateja. Kuna jioni maneno yake yananiwasha mikono, na mimi natoka, nazunguka karavani hata mara ishirini, naingia.

Mkono wa muuzaji haukunyooka. Anaweza kushika kalamu, hawezi kuinua betri. Tukiwa mjini, siku lori la mizigo linapoingia, mimi ndiye ninayemshushia. Hakuna aliyeniomba, mara ya kwanza mke wake alinitazama tu nikiinua, hakunifukuza. Nafanya kazi, natoka. Yeye anaonyesha kwa kidevu pa kuweka, na macho yake hayafiki usoni kwangu. Nikiingia haraka mno, mguu bado unatikisika, kwa hiyo nimejifunza kukohoa nikiwa bado mbali.

Juma lililopita nilikuwa nimebeba moja ya maji, mpya, nzito, nikaiegemeza vibaya kifuani.

"Usiinamishe," alisema. "Itakumwagikia."

Nikaisimamisha wima, nikaiweka alipotaka.

Kisha nikatoka kuchukua nyingine.